Barua ya wazi kwa mnaosaini mikopo kwa niaba yetu: tuonyesheni karatasi kabla ya kalamu

Wakubwa shikamooni,

Nawaandikia nyie mawaziri wa fedha, magavana wa benki kuu, makatibu wakuu wa hazina, wanasheria wa serikali mnaopitisha zile karatasi, na nyie pia mnaokaa upande wa pili wa meza, wa mabenki, wa mifuko ya uwekezaji, wa IMF na Benki ya Dunia, wa Beijing, London na New York. Sijui kama barua za watu kama sisi huwa zinawafikia, ila nimeona bora niandike kuliko kulalamika kila usiku kwenye magrupu ya watsap halafu asubuhi kila mtu anaenda zake kazini kama hakuna kitu.

Ombi lenyewe ni moja na nalitanguliza ili hata atakayechoka kusoma awe ameshalipata. Mkataba wowote wa mkopo utakaolipwa kwa kodi zetu uwekwe hadharani, kurasa zote na viambatanisho vyote, kabla haujasainiwa. Basi. Sisemi msikope, mimi mwenyewe nimekopa na nitakopa tena, na najua bwawa la umeme halijengwi kwa hela za mfukoni. Wala sisemi msilipe, dawa ya deni ni kulipa, tumekua tunaambiwa hivyo. Nasema tu tukione tunachodaiwa kabla hatujaanza kudaiwa.

Kuna mwaka nilimdhamini mtu mkopo. Rafiki wa siku nyingi, akaja jioni na fomu mkononi ana haraka zake, afisa mikopo yuko kwenye simu anasubiri, nikasaini ukurasa wa mwisho fomu nimeiweka juu ya paja, hata miwani sijavaa. Mwezi wa tano jamaa namba haipatikani na mshahara wangu unaingia umepungua. Nikaenda kule na hasira zangu zote, dada wa dirishani akatoa faili, akalamba kidole, akafunua taratibu mpaka ukurasa wa mwisho, akaugeuzia upande wangu na kuniuliza kwa upole kabisa, sahihi yako si hii hapa? Aisee nilinywea. Nililipa miezi 11 na sikumlaumu mtu, niliuziwa mbuzi kwenye gunia na kamba ya gunia nikaifunga mwenyewe.

Sasa kwenye deni la taifa mimi hata kalamu sikushika. Hakuna aliyenipigia simu, fomu sijaletewa, na huo ukurasa wa mwisho nikiomba kuuona naambiwa ni siri. Lakini makato yanakuja vilevile, yanakuja kwenye lita ya mafuta, kwenye muda wa maongezi, kwenye dawa ambayo hospitali haina na kwenye mwalimu ambaye alisoma akahitimu na hakuajiriwa kwa sababu eti bajeti imebana. Imebanwa na nani? Hapo ndo mnaanza kukohoa.

Na hatuko wachache. Shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, limehesabu kwamba madeni ya serikali zote duniani yalifika dola trilioni 102 mwaka 2024, na kwamba watu bilioni 3.4 wanaishi kwenye nchi ambazo hela ya kulipa riba ni kubwa kuliko hela ya afya au ya elimu. Riba tu hiyo, deni lenyewe bado limekaa palepale. Najua sehemu kubwa ya hizo trilioni wanadaiwa matajiri, Marekani na Japani na wenzao, lakini wao wanakopa kwa sarafu yao wenyewe na kwa riba ambayo sisi wengine tunaisikia tu kwenye redio, kwa hiyo hapo msituwekee mfano wao kila tukiuliza.

Nianze na Msumbiji maana kile kisa kinanikera mpaka leo. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali zilikopa karibu dola bilioni 2 kwa dhamana ya serikali, wakopeshaji wakiwa Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi, eti kununua meli za kuvua jodari na boti za kulinda pwani. Kipande kimoja, bondi (hati ya mkopo inayouzwa kwa wawekezaji) ya dola milioni 850 ya kampuni ya jodari iliyoitwa EMATUM, watu walikijua. Vingine viwili, zaidi ya dola bilioni moja, vilikaa gizani mpaka 2016, bunge halikuambiwa wakati sheria ya nchi inataka liulizwe, IMF yenyewe haikuambiwa. Ilipofichuka IMF ikasitisha mkopo wake, wafadhili wakafunga bomba la bajeti, metikali, sarafu yao, ikaporomoka, na yule mama wa kijijini ambaye hajawahi kumuona mtu wa Credit Suisse maisha yake yote ndo akaanza kununua vitu kwa bei mpya. Wakaguzi wa Kroll walipopita kwenye vitabu mwaka 2017 wakakuta dola milioni 500 haieleweki zimeenda wapi. Meli zenyewe mkizitaka picha zipo mtandaoni, zimefungwa bandarini Maputo ubavu kwa ubavu na kutu imeshaanza kushuka, jodari wako baharini salama salimini.

Waziri wa fedha aliyesaini zile dhamana, Manuel Chang, alikamatwa Afrika Kusini Desemba 2018, mahakama ya New York ikamtia hatiani Agosti 2024 na Januari 2025 akapigwa miaka nane na nusu. Baraza la Katiba la Msumbiji nalo likasema zile dhamana ni batili. Credit Suisse ikakubali mwaka 2021 kulipa faini ya karibu dola milioni 475 kwa mamlaka za Marekani na Uingereza na kusamehe dola milioni 200 za deni. Angalieni hesabu hiyo vizuri lakini, faini imeenda Washington na London, njaa ilienda Msumbiji.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi ambavyo ile kitu ilikuwa rahisi kuzuilika. Haikuhitaji mpelelezi wala mwanauchumi mwenye shahada tatu. Ule mkataba ungebandikwa mahali mwaka 2013, hata kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya bandari, mvuvi yeyote angesimama pale akauliza meli ngapi, kila moja bei gani, itavua tani ngapi kwa mwaka na jodari anauzwa shilingi ngapi sokoni, halafu angecheka akaondoka. Hesabu ya jioni moja tu. Ila siri ya mtungi aijuaye kata, na kata walikuwa nayo watu wachache.

Mkisema hayo ya zamani, haya twende Senegal. Huko hela zilikopwa, zikatumika, na kwenye ripoti zikaandikwa pungufu kwa miaka. Serikali mpya ilipoingia 2024 ikasema hesabu tulizokuta sio hizi, mahakama ya ukaguzi ikafungua vitabu, na Februari 2025 ikatoa ripoti kwamba deni mwishoni mwa 2023 lilikuwa karibu asilimia 100 ya pato la taifa, wakati wananchi na wakopeshaji walikuwa wameambiwa kama asilimia 74. Asilimia 25 ya uchumi wa nchi nzima ilikuwa chini ya zulia jamani! Na IMF ilikuwa inapita pale kila baada ya miezi kadhaa, inakagua, inapiga picha za pamoja, inaondoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa aliyeficha ni mmoja na anayeumbuka ni mwingine, maana programu ya mkopo wa IMF ya dola bilioni 1.8 ilisimama na wanaoisikia ni wale wale wasiojua hata hiyo programu ilikuwa ya nini.

Najua jibu lenu la kwanza. Mtasema mikataba mingine ina kifungu cha usiri, mkopeshaji hataki itolewe. Hilo ni kweli kabisa na ndo shida yenyewe. Watafiti waliokusanya mikataba 100 ya wakopeshaji wa China na nchi 24 wakaichambua mwaka 2021 walikuta vifungu vya usiri vimejaa, hasa kwenye mikataba ya kuanzia 2014, vingine vinamkataza mkopaji hata kusema kwamba mkopo upo. Na msinielewe vibaya kwamba nawasema Wachina peke yao, Msumbiji hapo juu hakukuwa na Mchina. Wafanyabiashara wa mafuta wanaokopesha serikali kwa kulipwa mapipa nao ni wasiri kuliko mganga. Hoja yangu ni kwamba kifungu cha usiri kinasainiwa na pande mbili. Waziri alikuwa na kalamu, angeweza kukikata. Serikali inayoenda kukopa kwa jina la watu milioni 50 ikaahidi kutowaambia hao watu milioni 50, mimi hiyo naiita nini? Kwenye familia baba akikopa kwa jina la watoto halafu akamwahidi mwenye duka hatawaambia watoto, majirani wote wanajua huyo baba ni wa aina gani.

Reli ya kisasa ya Kenya ya Mombasa mpaka Nairobi, mkopo ulisainiwa 2014. Watu wakaomba mkataba, wakaambiwa usalama wa taifa. Wakaenda mahakamani, mahakama ikaagiza utolewe, na ni Novemba 2022 baada ya serikali kubadilika ndo baadhi ya kurasa zikatoka. Miaka nane! Treni imeshabeba abiria mamilioni na mkataba bado uko kabatini. Na zilipotoka usalama wa taifa wala haukutikisika, kilichoonekana ni kwamba mgogoro ukitokea unaamuliwa Beijing, na kwamba nusu ya ule mkopo ina riba inayoelea, yaani riba ya soko la London jumlisha asilimia 3.6. Sasa hicho ndo kitu ambacho mlipa kodi alitakiwa akijue mapema, kwa sababu riba inayoelea haiko mikononi mwako. Benki kuu ya Marekani ilipoanza kupandisha riba Machi 2022 ilikuwa karibu sifuri, Julai 2023 ilikuwa asilimia 5.25 mpaka 5.5, walikuwa wanapigana na mfumuko wao wa bei wenyewe, hawakuwa na nia mbaya na mtu. Lakini kila aliyekuwa na mkopo wa riba inayoelea, popote alipo, alijikuta anadaiwa zaidi bila kukopa hata senti nyingine. Na hata wa bondi za riba isiyobadilika hawakupona, Kenya hiyohiyo ilikopa 2014 bondi ya miaka kumi kwa asilimia 6.875, muda wa kulipa ulipokaribia ikabidi Februari 2024 ikope dola bilioni 1.5 kwa asilimia 9.75 ili ilipe ile ya zamani. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Miezi minne baadaye ukaja muswada wa fedha wa 2024 na kodi zake, vijana wakatoka mabarabarani, tarehe 25 Juni wakaingia mpaka bungeni, watu wakauawa, na kesho yake rais akasema muswada hausaini. Mlisikia walichokuwa wanauliza wale vijana? Pamoja na mengine walikuwa wanauliza hela ziliingia kiasi gani na zilifanya nini. Swali la kawaida kabisa, la mtu yeyote aliyeletewa bili. Watu hawakatai kulipa wakiona bili, wanakataa kulipa wakiona kiganja kimenyooshwa tu.

Kuna vifungu vingine nataka niviseme kwa sababu najua hata wabunge wengi hawavisomi. Kipo cha kuachia kinga ya dola, maana yake nchi inakubali mapema kwamba ikishindwa kulipa inaweza kushtakiwa kama kampuni ya kawaida na mali zake zikashikwa. Ukisoma kwenye karatasi unaona maneno ya wanasheria tu, usingizi unakuja. Waulizeni mabaharia wa Argentina. Oktoba 2012 meli yao ya jeshi la majini ya mafunzo, ARA Libertad, ile ya matanga, nzuri kweli, ilitia nanga Tema nchini Ghana kwa ziara ya kirafiki, na mahakama ya Ghana ikaishikilia kwa sababu ya bondi ambazo Argentina ilishindwa kulipa tangu mwisho wa 2001. Mwenye kesi ilikuwa ni mfuko wa uwekezaji ulionunua zile bondi kwa bei ya kutupa, ukapata hukumu kwenye mahakama za New York na London, halafu ukawa unaizungukia dunia nzima kutafuta mali ya Argentina ya kukamata. Mabaharia wengi ikabidi warudishwe kwao kwa ndege, wachache wakabaki wanalinda meli, mpaka mahakama ya kimataifa ya sheria za bahari kule Hamburg ilipoamuru Desemba iachiliwe. Waghana hawakuwa na ugomvi na Argentina hata kidogo. Kifungu kimoja kilichosainiwa miaka ya nyuma huko na watu waliovaa suti, kikaja kuwafungia watoto wa watu bandarini.

Halafu kuna kile kinachosema ukishindwa kulipa mkopeshaji mmoja basi wote wanaruhusiwa kudai mara moja. Kama una mikopo 40 na vifungu hivyo vimo kwenye mikopo 30, hiyo nchi imejengwa kama kete za domino, na sisi tunaoishi ndani hatujui kete ya kwanza ni ipi.

Hili la siri lina gharama hata kwenu nyie wakopeshaji, msidhani nawaonea. Zambia mwaka 2020 iliwaomba wenye bondi waipumzishe miezi sita isilipe riba. Wakakataa. Mojawapo ya sababu walizotoa ni kwamba hawaoni Zambia inadaiwa kiasi gani na Wachina na kwa masharti gani, wakahofia wao wakisubiri hela itaenda kulipa wengine. Na Zambia haikuweza kuwaonyesha kwa sababu ilikuwa imefungwa na vifungu vya usiri ilivyovisaini yenyewe. Novemba 13 ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5, na makubaliano na wenye bondi yalikuja kukamilika 2024. Karibu miaka minne watu wanakaa vikao kupatanisha vitabu ambavyo vingekuwa hadharani wangevipatanisha kwa wiki. Kwa hiyo mkiniambia uwazi utawatisha wawekezaji mimi nawauliza, yule mwekezaji aliyekimbia Zambia alikimbia kwa sababu aliona nini? Alikimbia kwa sababu hakuona.

Nani huwa analipia hivyo vikao mnajua. Sri Lanka ilisimamisha malipo Aprili 2022 kwa mara ya kwanza tangu ipate uhuru, hazina ya fedha za kigeni ilikuwa imekauka, watu wakapanga foleni za mafuta na gesi kwa siku nzima mpaka Julai wakaingia ikulu na rais akakimbia nchi. Ghana ilisimamisha Desemba 2022 na ikawaambia raia wake waliokuwa wameikopesha serikali yao wenyewe kwamba bondi zenu tunazibadilisha, riba itashuka na muda utasogea. Wazee wastaafu waliokuwa wameweka kiinua mgongo chao mle wakaenda kukaa nje ya wizara ya fedha Accra na mabango, siku baada ya siku. Februari 2023 akaja kuungana nao Sophia Akuffo, Jaji Mkuu mstaafu wa nchi! Mtu aliyekuwa anakaa kwenye kiti cha juu kabisa cha haki yuko barabarani na bango kama mimi na wewe. Hatimaye serikali ikawatoa wastaafu kwenye ule mpango. Ile picha mimi nimeitunza kwenye simu, kila nikisikia kiongozi anasema deni letu ni himilivu, yaani linabebeka, naifungua naiangalia.

Hilo neno himilivu nalo sijui nani aliwapa. Kila mwaka deni ni himilivu. Msumbiji lilikuwa himilivu mpaka asubuhi lilipoacha kuwa. Nani anahimili? Sentensi haina mtenda.

Jibu lenu la pili huwa ni kwamba bunge linaidhinisha, kwa hiyo wananchi mmeshirikishwa. Sawa, ila bunge mara nyingi linapewa kiwango cha kukopa kwa mwaka, jumla ya namba, linapiga meza linapitisha. Mkataba wenyewe unakuja kusainiwa baadaye hotelini kwenye mkutano fulani, wanapeana mikono wanabadilishana yale mafaili ya ngozi yenye dhahabu, kamera zinapiga. Yaani lile faili tunaliona! Tunaliona jalada. Benki ya Dunia yenyewe imesema mwaka 2025 kwamba kati ya nchi za kipato cha chini, zaidi ya robo tatu zinachapisha takwimu za deni za namna fulani, lakini zinazotoa taarifa za mkopo mmoja mmoja mpya ni robo tu. Jumla mtaipata, kipi kimo ndani ya jumla hamtakipata. Ni sawa na kupewa risiti imeandikwa tu "vitu mbalimbali".

Jibu la tatu, hili huwa linanichekesha, kwamba wananchi hawataelewa, mikataba ni ya kitaalamu. Sisi ambao tunajua masharti ya kikoba kwa kichwa, tunaojua mikopo ya simu ipi inakata siku ya ngapi na ipi inapigia watu wako wote kwenye simu ukichelewa? Riba tunaielewa sana, tena kwa machungu. Na asiyeelewa atamuuliza anayeelewa, waandishi wapo, wahasibu wapo, wanafunzi wa sheria wanaotafuta cha kufanya wapo. Mkiweka mkataba leo saa nne asubuhi mchana kuna mtu atakuwa ameshautafsiri na kuchora na vikatuni.

IMF na Benki ya Dunia, nyie nina neno na nyie peke yenu. Huwa mnaweka masharti kwenye kila kitu, bei ya mafuta, idadi ya watumishi, kodi ya ongezeko la thamani, mpaka ruzuku ya mbolea. Kwenye bodi ya IMF Marekani peke yake ina kama asilimia 16.5 ya kura na maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85, kwa hiyo kuna watu mle ndani wakitaka jambo linakwama na wakitaka linatembea. Sasa mara moja tu wekeni sharti ambalo sisi huku chini tutalipigia makofi, kwamba nchi isipochapisha mikataba yake ya mikopo hampitishi mkopo wenu, na mkopeshaji asiyetaka mkataba wake uonekane akija kuomba msaada kwenye meza ya kupanga upya madeni anawekwa mwisho wa foleni. Na Uingereza na jimbo la New York, ambako ndo sheria zenu zinasimamia sehemu kubwa ya bondi za nchi zinazoendelea, mnaweza kutunga sheria mstari mmoja kwamba mkopo wa serikali uliofichwa hauwezi kudaiwa kwenye mahakama zenu. Mkopeshaji gani ataficha baada ya hapo?

Mawaziri, kwenu utaratibu ninaouomba wala sio mgumu. Siku 30 kabla ya kusaini mkataba uwe kwenye tovuti ya hazina, kwa lugha ambayo watu wanaongea pamoja na hiyo ya wanasheria, ukiwa na ratiba ya malipo mwaka kwa mwaka, dhamana iliyowekwa, nani kalipwa kamisheni ya kutafuta mkopo, na mahakama ya wapi itaamua tukigombana. Dhamana za mashirika ya umma ziwe humohumo, Msumbiji ilipitia mlango huo huo wa nyuma. Na tafadhali, nawaomba kwa heshima zote, msituwekee yale mafaili mliyoskani kichwa chini miguu juu na ukurasa wa saba haupo. Tunawajua.

Dharura zipo nakubali, kuna siku ugonjwa unaingia au kimbunga kimepiga na hela inatakiwa kesho asubuhi. Basi hiyo sainini, mtuwekee ndani ya siku saba, na muandike kwa nini haikuweza kusubiri.

Nimeandika barua hii nikiwa na ile fomu yangu ya udhamini pembeni, niliiomba kopi nilipomaliza kulipa na dada wa dirishani akanitolea bila kinyongo. Ina kurasa 6. Masharti yote yamo, riba imo, kifungu cha mdhamini kiko ukurasa wa nne kwa maandishi madogo lakini kimo. Kampuni ya mikopo iliyonidai deni la rafiki yangu imeniheshimu vya kutosha kunipa karatasi yangu. Nasubiri ya kwenu, na ikiwa na kurasa 300 msijali, miwani sasa hivi ninayo.

Wenu mtiifu katika kulipa,
Mdhamini asiyesaini